Picha Thelathini na Sita za Nyangeta

Mzee Mafuru alizikwa Bunda, na nilikwenda msibani nikiwa na hakika kwamba sitalia. Sikulia. Walilia watu ambao hawakuwahi kukaa naye hata saa moja, na mwanamke mmoja alizimia akamwagiwa maji, nami nikajisemea kwamba huyu angefundishwa kazi na marehemu, machozi hayo angeyaweka akiba. Nilikaa mkekani na akina mama, nikamenya ndizi, nikamsikiliza mchungaji akimsifu marehemu kwa upole wake. Upole! Niliinamia kisu changu ili watu wasione uso wangu. Ni wakati huo, sifa zikiendelea, nilipozibwa macho kutoka nyuma kwa viganja vya mtu, na sauti ikasema, "Taja jina langu, la sivyo sikuachii." Sikuhitaji kufikiri. Vilikuwa viganja vya Nyangeta, vipana, vyenye sugu chini ya vidole kwa sababu ya kuvuta kamba za nyavu tangu utoto kwao Kiriba. Hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Sikujua kama nilichokisikia ni furaha au ni ile hofu ya mtu aliyeiba kuku halafu akasikia hodi mlangoni.

Nilizaliwa na nani huko Butiama, nilisoma wapi, hayo nayaacha. Hayana cha kunitetea. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, mimi na Nyangeta tukiwa wanafunzi wa Mzee Mafuru kwenye studio yake ya picha mjini Musoma. Tulipanga chumba kimoja Kitaji. Kilikuwa na kitanda kimoja na dirisha lisilo na kioo, tuliloliziba kwa mfuko wa saruji, na jiko letu lilikaa koridoni ambako kila mpangaji aliyepita alifunua sufuria kutazama tunakula nini. Tulikula ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa na mama yake Nyangeta na kutumwa kwa kikapu kila mwisho wa mwezi. Nyangeta ndiye aliyegawa, na siku zote fungu kubwa lilikuja upande wangu. Nikimuuliza, alisema mimi ni mwembamba, nitapeperushwa na upepo wa ziwa halafu yeye aulizwe na polisi. Nilikuwa nacheka, nakula. Leo nikikumbuka chumba kile nakumbuka kwanza harufu ya samaki, halafu mgongo wake, maana alilala amegeukia ukutani ili mimi nipate upande wa hewa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule walikuja wachapaji wa kalenda kutoka Mwanza, wakamwagiza Mzee Mafuru picha za wanyama kwa kalenda ya mwaka utakaofuata. Safari ilipangwa mwezi wa sita, nyumbu wanapofika magharibi ya Serengeti, siku kumi, kuingilia lango la Ndabaka. Ndani ya gari angekaa dereva, yeye mwenyewe, vyombo, mahema, na msaidizi mmoja ambaye naye angepewa kamera ya kweli na kupiga. Kwa watoto wa kike wa wakati ule, waliozoea kushika kamera kwenye ubatizo na sherehe za kipaimara, hiyo haikuwa safari tu, ulikuwa mlango. Aliyeingia angeitwa mpiga picha. Aliyebaki angebaki kuitwa msichana wa studio. Mzee Mafuru alituita chumba cha nyuma, akatutazama kama mtu anayechagua mbuzi, akasema, "Nyie mko wawili. Siti iko moja. Mimi sitamwonea mtu huruma, na nyie msije mkaoneana." Katika yote aliyonifundisha yule mzee, hilo ndilo nililolishika vizuri zaidi.

Maandalizi yalichukua miezi mitano, na sijaona tena maandalizi kama yale. Alitukataza sabuni ya kunukia, kwa hoja kwamba mnyama anamsikia mtu kwa pua kabla ya jicho, kwa hiyo tulioga maji matupu na mjini watu wakaanza kutukwepa. Alitukalisha kwenye mawe ya ziwani kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, tumejifunika magunia, tukimvizia mnandi, ndege mla samaki, anayekausha mabawa yake, na wingu la wadudu wa ziwani likituingia masikioni bila ruhusa ya kupangusa. Ukijikuna, alikurushia kokoto. Alikuwa na shabaha. Kubwa kuliko yote lilikuwa la kula. Alisema mkono wa kulia ni wa kamera, haulambwi, haunuki samaki, haunawishwi wakati nyumbu wanavuka mto. Kwa hiyo tule kwa mkono wa kushoto. Msomaji aliyelelewa kwetu anajua maana yake. Mara ya kwanza nilitapika. Nyangeta alijikaza, akazoea haraka kuliko mimi, akazoea mno. Alikwenda kwao Kiriba kwenye sherehe ya mahari ya dada yake, akakaa na wageni, akatia mkono wa kushoto kwenye sinia mbele ya wakwe. Walisimama wote. Baba yake alimtoa nje kwa kofi, na mahari ile nusura ivunjike. Alinisimulia akiwa amekaa kitandani Kitaji, shavu limevimba, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kesho yake nilimsimulia Mzee Mafuru ili naye acheke. Hakucheka. Alisema, "Huyo ndiye anayejifunza." Nikajuta kumsimulia.

Ila kiini cha kazi yake kilikuwa kingine. Kwa miezi ile mitano kamera zetu za mazoezi hazikuwa na mkanda wa filamu ndani. Zilikuwa tupu kabisa. Ulivuta kikono kwa kidole gumba, ukalenga, ukabonyeza, ikalia, na kidirisha kidogo kilichoko juu kikahesabu moja, mbili, tatu, maana kamera za aina ile zilihesabu hata kama ndani hamna kitu. Ikifika thelathini na sita unaacha, kwa kuwa mkanda wa kweli ungekuwa umekwisha. Ukibonyeza ya thelathini na saba, unalala njaa. Mzee Mafuru aliamini kwamba mkanda unamharibu mwanafunzi, anategemea mashine ione kwa niaba yake. Basi kila alasiri tulirudi chumba cha nyuma na kufanya alichokiita kusoma. Unasimama, unazisoma picha zako zote kwa mdomo, ya kwanza hadi ya thelathini na sita: nini kilikuwa kushoto, mwanga ulitoka wapi, kichwa cha ndege kiligeukia wapi, nyuma kulikuwa na nini ambacho hukukitaka. Ukisahau moja unaanza upya. Ukitunga, anajua.

Mimi nilitunga. Nilisoma hadi ya kumi na tano kwa haki, baada ya hapo nilianza kumwaga ndege angani na mawingu ya kila namna, naye ananisikiliza amefumba macho, halafu anasema mbele ya wateja, "Wegesa, wewe unapiga picha kama mtu wa posta anavyogonga muhuri. Tena barua zenyewe si zako." Nyangeta akisoma, chumba kilinyamaza. Nakumbuka alasiri moja aliyosoma picha ya mnandi akimeza furu: jinsi mkia wa samaki ulivyobaki nje ya mdomo, jinsi koo lilivyotuna, na jinsi tone moja la maji lilivyokuwa bado halijadondoka kutoka kwenye mdomo wa ndege. Mteja mmoja, mwalimu wa shule, aliuliza kama picha hiyo inauzwa. Aliambiwa haipo. Hakuelewa, akaondoka akinung'unika kwamba anafichwa. Mzee Mafuru hakusema neno, na kwake kunyamaza ndiko kulikuwa kusifu. Mimi nilipiga makofi. Na nikimtazama rafiki yangu amesimama pale na gauni lake lililofifia nilimchukia, waziwazi kabisa ndani yangu, kwa mara ya kwanza.

Kwa kuwa nilikuwa wa muhuri, asubuhi niliachwa chumba cha mbele kupiga picha za pasipoti na vitambulisho, kwa kamera kubwa ya studio yenye mkanda. Nyangeta alipelekwa nje na kamera tupu. Niliona ninaonewa, na kweli nilionewa, ila kwa njia hiyo nilijifunza jambo asilolijua mwenzangu. Mkanda ukiwa umeshika vizuri ndani, kila ukivuta kikono cha kulia, kile kitufe cha kushoto cha kurudishia mkanda kinazunguka chenyewe. Kisipozunguka, ujue mkanda umekaa tu, hausogei, unapiga hewa. Fundi yeyote wa zamani anakitupia jicho bila kufikiri. Nyangeta hakuwa na sababu ya kukitazama. Katika miezi yake mitano ya kamera tupu, kitufe kile hakikuwahi kuzunguka hata siku moja.

Wiki mbili kabla ya mtihani wa kuamua nani aende, nilikuwa uani kwa Mzee Mafuru nikianua magunia yetu. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na mke wake, mwanamke mwenye huruma ambaye alikuwa akitupenyezea chapati, alikuwa anamwuliza ataenda na nani. Nilisikia kijiko kinawekwa. "Huyu wa Kiriba," alisema. "Yule haonagi kamera, anaonaga mnyama." Mke wake akauliza, na Wegesa je, maana naye anajitahidi jamani. Mzee Mafuru akasema, "Wegesa atafaa pasipoti." Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningeweza kumlaani. Alisema kama mtu anayesema mvua haitanyesha, akaomba aongezewe mchuzi. Nilikunja yale magunia manne, nikayapanga, nikaingia ndani kumshukuru mama kwa chapati.

Mtihani ulikuwa Kiabakari, mwishoni mwa mwezi wa tano, mahindi yakikauka shambani na nyani wakishuka mawe kuyaiba. Mzee Mafuru alimpa kila mmoja mkanda mmoja wa picha nyeusi na nyeupe, wa kweli, wa kwanza, akatuambia tutie wenyewe, yeye akabaki chini kwa mwenye shamba akinywa uji. Tulipanda kilima wawili. Nilitia wangu upesi, kwa mazoea. Nyangeta alikaa chini ya kivuli cha jiwe, na kwa mikono ile iliyovuta nyavu akafungua mgongo wa kamera. Aliingiza mkia wa mkanda kwenye mwanya wa kile kijiti cha kuvutia, akavuta kidogo, akaninyooshea kamera ikiwa wazi. "Hebu niangalizie, Wegesa. Wewe ndiye mzoefu wa mikanda. Imeshika?" Nilitazama. Mkia ulikuwa umechomoka kwenye mwanya na umelala juu tu. Ilihitaji kuusukuma kwa kucha, kazi ya sekunde moja. "Imeshika," nilisema. "Funga."

Watu husema shetani alinipitia. Hakupita shetani yeyote Kiabakari. Nilikuwa peke yangu, akili zangu timamu, na sauti yangu haikutetemeka. Tena uovu wenyewe haukuwa ule wa neno moja, maana neno linaweza kumtoka mtu. Uovu ulikuwa wa siku nzima. Nilikaa hatua tano kutoka kwake na kila alipovuta kikono nilitazama kitufe cha kushoto, kimekaa kimya, na kila mara nilikuwa na nafasi ya kusema ngoja. Mara thelathini na sita nilikuwa nayo. Nyani walikuja karibu kuliko tulivyotegemea, wazee na majike na vitoto, na Nyangeta alifanya kazi ambayo sijaona mtu akiifanya tangu hapo, akisogea kwa magoti, akisubiri, akiacha, akisubiri tena. Jua lilipogeuka, upande wangu ukawa kivuli kitupu. Aliniita kwa mkono, akanong'ona, "Njoo hapa kwangu, mwanga uko huku," akashuka kwenye jiwe lake na kunipa. Picha zangu sita nzuri za siku ile nilizipiga nikiwa nimekaa kwenye jiwe la Nyangeta.

Kesho yake Mzee Mafuru alisafisha mikanda yote miwili mwenyewe. Wangu ulitoka na picha zake, za muhuri, lakini picha. Wa Nyangeta ulitoka mweupe kama maji, mwanzo hadi mwisho. Aliutoa chumba cha giza ukiwa bado unachuruzika, akauinua dirishani, na sote tuliokuwemo tukaona barabara ng'ambo yake. Palikuwa na wateja wanne: bwana mmoja aliyelowesha nywele tayari kwa pasipoti, wasichana wawili wa sekondari, na mama mwenye mtoto mgongoni. Mzee Mafuru hakufoka. Alimwuliza Nyangeta nani aliangalia mkanda kabla haujafungwa. Nyangeta hakunitazama hata kidogo. "Nilifunga mwenyewe, Mzee," alisema. Hapo yule mzee akashika ncha mbili za ule mkanda mtupu, akaunyoosha mbele ya uso wake, akasema, "Basi tusomee."

Wasichana wa sekondari walicheka, wakidhani ni mzaha. Nyangeta alifuta viganja kwenye gauni, akaanza. Alisoma ya kwanza. Alisoma ya pili. Ya kumi na moja, nyani jike ameshika gunzi kwa mikono miwili na mtoto wake amelala chali kati ya miguu yake, jua limepita ndani ya sikio likawa jekundu, ingawa mkanda si wa rangi. Ya ishirini, dume zee linapiga miayo, jino moja limevunjika, nyuma yake moshi wa jiko la mwenye shamba ambao hakuutaka lakini haukuharibu. Wateja hawakucheka tena. Ule mkanda ulidondosha maji sakafuni na Mzee Mafuru hakuushusha, mpaka akafika mwisho. "Ya thelathini na sita," alisema Nyangeta, "ni Wegesa. Amekaa kwenye jiwe, kamera iko mapajani, amechoka. Anatazama mikono yangu."

Hakukosea hata moja. Mzee Mafuru alikunja ule mkanda taratibu, akautia kwenye ndoo ya taka. "Umesoma vizuri," alisema. "Sasa nenda kwenu ukavute nyavu." Nimeshuhudia mazishi mengi kuliko ninavyotaka kuhesabu, na sijaona uso ukifungwa kama ulivyofungwa ule. Tulipofika Kitaji alikunja nguo zake kwenye kitenge bila kulia. Alisema Mungu hakupenda. Nikasema ndiyo. Aliniachia jiko, sufuria na kikapu cha furu kilichofika juzi yake, akaniambia nikifika porini nisiache kula, nilivyo mwembamba. Niliwala wale furu siku nne mfululizo, na nisidanganye, walikuwa watamu.

Safari nilikwenda mimi. Nilitarajia kwamba porini nitafunguka macho, kwamba nilinyimwa nafasi tu. Siku ya saba tulikuwa ukingoni mwa mto Grumeti, nyumbu wamejazana, na mamba akamdaka mmoja karibu kiasi kwamba maji yalitufikia. Nilibonyeza. Nilibonyeza mapema, halafu nikabonyeza kwa kuchelewa. Mzee Mafuru alisubiri mpaka maji yakatulia, akasema bila kunigeukia, "Nyangeta angeipata." Kalenda ilipotoka ilikuwa na picha yangu moja, ya pundamilia amesimama upande, kama amekuja kuchukua pasipoti. Nilikaa studioni kwake miaka sita mingine, kisha nikafungua yangu. Ninaishi vizuri. Wasafiri wote wa Musoma wanaijua stuli yangu na pazia langu la bluu, na kila ninapomwambia mtu ainue kidevu, namsikia yule mzee akiomba kuongezewa mchuzi.

Sasa turudi Bunda msibani, maana ilipofika saa ya kula Nyangeta aliketi ubavuni kwangu na kunitambulisha kwa mkeka mzima. Alikuwa na duka la nyavu Kiriba, wajukuu wawili, na binti yake wa mwisho, Neema, msichana wa miaka kama ishirini, ambaye aliinama akaniamkia, "Shikamoo, mama mkubwa." Akina mama walitaka kujua tulimjuaje marehemu. Nyangeta alitia tonge mdomoni, akalimeza, akaanza kusimulia, na mara moja nikatambua kwamba hadithi hii ameisimulia mara nyingi, imelainika kama mpini wa jembe. Alisimulia mkono wa kushoto mbele ya wakwe. Alisimulia kuoga bila sabuni. Alipofika Kiabakari alisimama kabisa, akainama na kujikunyata kama mpiga picha mwenye kamera, kitenge chake cha rangi ya machungwa kikiburura mkekani.

"Nikamwambia huyu Wegesa, niangalizie! Maana yeye si ndiye mzoefu wa mikanda? Akachungulia hivi, akasema imeshika! Vipofu wawili, jamani! Hakuna aliyejua kitu! Nikapiga nyani walioiba mtama, nikapiga, nikamaliza thelathini na sita, kumbe nilikuwa napigaga hewa! Nyani walikuwa wananichekaga wale!" Akina mama walijinyonganyonga kwa kicheko, mmoja akashika mbavu na kuomba aonewe huruma, hii ni nyumba ya msiba. Nami nilicheka. Hata nilimsahihisha kwamba nyani walikuwa wanaiba mahindi, si mtama kama alivyosema.

Alipoketi, bado anafuta machozi ya kicheko, alinigeukia. "Na huyu Neema ati naye anataka kusomea picha. Anayo simu, anapigaga ndege huko ziwani siku nzima, dukani hakai. Nimemwambia sisi ukoo wetu hatuna mkono wa picha, mimi ni shahidi. Hebu mwambie wewe, atakusikia." Neema alinitazama. Alikuwa na mikono ya mama yake, ameiweka mapajani.

Ningependa kuandika kwamba nilisema kwa ajili ya binti yule. Kwa sehemu ndivyo. Lakini kuna sehemu nyingine na nitaiandika pia, kwa sababu nimechoka kuificha: kicheko chake kiliniudhi. Miaka yote ile nilikuwa nimelibeba lile neno moja, naye alikuwa amelifanya kichekesho, amenenepa nalo, amelea nalo watoto. Niliona anafaidi. Nikainama karibu na sikio lake, wakati wenzetu wameanza mazungumzo mengine, nikamwambia kwamba ule mkanda haukuwa umeshika. Kwamba mkia ulikuwa nje na niliuona. Kwamba nilimsikia Mzee Mafuru akisema atakwenda naye.

Nyangeta aliacha kutafuna. "Uliuona," alisema.

"Niliuona."

"Na ile siku nzima?"

"Kuna kitufe kinachozunguka. Nilikuwa nakitazama."

Neema alikuwa amesikia. Alikuwa anamtazama mama yake, si mimi. Nilingoja matusi, na nilikuwa tayari kwa matusi, nadhani hata nilikuwa nayataka. Nyangeta alisema polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu siku ile ya studio, "Mimi hiyo hadithi nilikuwaga naisimulia kila mahali. Kanisani. Wodini wakati wa uzazi. Nilipofiwa na mume wangu niliisimulia, watu wakacheka, na mimi nikacheka. Sasa umeniambia ili nifanye nini, Wegesa?"

Nilisema nilifikiri ni haki yake ajue. Alisema, "Haki," akalitazama lile neno pale lilipoangukia, akaanza kunawa. Alinawa mikono yote miwili, kidole kwa kidole, akamwambia Neema achukue viatu vyao. Msibani hata adui anapewa mkono wakati wa kuagana. Alizunguka mkeka mzima akampa kila mtu, mmoja baada ya mwingine, akanipita. Alikuwa ameshafika karibu na mlango wa turubai wakati mama mmoja, aliyekuwa jikoni na kukosa yale mazungumzo, aliposogea na sahani yake akapaza sauti, "We mama Kiriba, usiondoke kwanza, nimeambiwa kuna kisa cha nyani hapa! Turudie basi na sie tucheke!"

Nyangeta hakugeuka mzima, aligeuza kichwa tu. "Mwambieni Wegesa awasimulie," alisema. "Yeye ndiye aliyeona."

Wakanigeukia wote, matonge mikononi, nyuso zao tayari zimefunguka kwa kucheka, wakisubiri nianze.